Shosho, Tulirudi kwa Meli Ile Ile

Shosho,

Ujumbe wako umefika. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hukupenda mtu azunguke na maneno kabla ya kusema kilichomleta. Ulinituma kwa mtoto wako Kamau, na jana, baada ya miezi ya kunikwepa, alikuja mwenyewe mpaka kwetu Kimulot, akaketi, nikamwambia. Sasa tulia nikueleze ilivyokuwa. Unisamehe nikianzia mbali, maana tangu tukulaze kaburini pale shambani kwako sijapata mtu wa kuzungumza naye habari za ile meli. Nikianza kueleza hapa, watu wanatazamana. Mama yangu mwenyewe ameniuliza kama kweli kuna barafu ndefu hivyo, ama ni dawa zako nilizokuwa nikionja.

Mimi ni yule yule Chelangat wako, ninayekuita Shosho, bibi, kama mjukuu wako. Nimerudi nyumbani, nachuma chai na mama nikingoja kazi nyingine ya kutunza mgonjwa. Nimepata mbili na zote nimeziacha. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mpole, hana neno, ukimpa uji anasema asante, ukimgeuza anasema asante. Nilikaa naye wiki moja nikaona hicho kimya kitanimaliza. Uliniharibu wewe. Miaka yote niliyokutunza haikupita asubuhi hujanigombeza: chai ni nyepesi, pazia limefunguliwa nusu, mbona natembea kama mtu aliyetumwa asikotaka. Sikujua kama mtu anaweza kutamani kugombezwa mpaka alie.

Unakumbuka ile kalenda ya dukani? Najua swali la kijinga, ungenijibu vibaya. Ilikuwa nyuma ya kaunta ya duka lako la vyuma pale Kericho, juu ya makopo ya rangi. Mwaka wake uliisha zamani na tarehe zote zilishachanwa, ikabaki picha tu: ukuta wa barafu ya buluu umesimama ndani ya bahari, na meli mbele yake ndogo kama kiberiti. Uliitazama ukipima misumari, ukikata waya, ukigombana na mafundi wanaotaka mbao kwa mkopo. Mtu akiuliza ni wapi, ulimwambia, "Hiyo ni shamba yangu." Siku daktari aliposema moyo umechoka, kwamba kilichobaki ni dawa na kupumzika, ulirudi nyumbani ukavua viatu ukaniambia, "Chela, tunaenda kuona kama ile picha ni ya kweli."

Baba Shiku alikataa. Hivyo ndivyo ninavyomwita Kamau, kwa jina la mtoto wake, unajua siwezi kumtaja kwa jina kama mtu wa rika langu. Alisema mgonjwa hapelekwi kwenye maji. Alisema kama ni kupumzika, upumzike kwako, mbona nyumba ina vyumba vyote hivyo. Ulimsikiliza mpaka akamaliza. Halafu ukauza ploti yako moja, ukalipa, ukamwonyesha tiketi kama mtu anayemwonyesha askari wa kanjo leseni ya duka. Tangu hapo mkawa mnasalimiana kama majirani waliogombania mpaka. Siku ya kuondoka hakutusindikiza, alisema ana lori la saruji la kupakua.

Shosho, ile meli. Mpaka leo nikifumba macho naiona. Tulipofika bandarini kule pande za Alaska wanakoanzia safari, nilitafuta meli kila mahali, naona tu ukuta mweupe wenye madirisha. Kumbe huo ukuta ndio meli. Nilirudisha kichwa nyuma kuutazama mpaka kitambaa kikaanguka. Wewe ulisema, "Haya mabati yote wameyatoa wapi?" Na chumba chetu, Mungu wangu. Sebule peke yake, vitanda peke yake, bafu la mawe yanayong'aa, na balkoni yetu wenyewe juu ya bahari. Nyumba yetu ya Kimulot ingeingia pale na ng'ombe wake. Nilikuwa nikitembea juu ya zulia bila viatu siku mbili za kwanza, naona aibu kulikanyaga.

Halafu Ramon, mhudumu wa chumba chetu, baba wa watoto watatu kutoka Ufilipino. Alitaka kukufungulia sanduku apange nguo kabatini, nawe ukaketi juu ya sanduku. Jioni ya kwanza kwenye chumba cha kulia ulinifanya nikusukume kwenye kiti cha magurudumu meza hadi meza uwasalimie watu wote kwa mkono, kama tumefika kwenye harusi. Wazungu wengine walidhani wewe ndiye mwenye meli. Na Ramon alipoleta chai, maji ya moto kivyake, majani kwenye kamfuko kenye kamba, maziwa kwenye kajagi, ulimtazama kwa huruma ukaniuliza, "Kwani maziwa na majani wamekosana?" Ukamtuma jikoni na majani yetu tuliyobeba kwenye mkebe. Nikamweleza kwa Kiingereza: maziwa na maji na majani pamoja, ichemke ipande, uteremshe, ipande tena. Alikosea, akakosea tena, halafu asubuhi moja akaleta chai yenyewe, nyekundu, nzito. Ulionja ukasema, "Huyu angeoa kwetu." Sikumtafsiria.

Ile siku ya barafu ya kwanza ndiyo sipendi kuwaeleza watu wa hapa, maana watatucheka na watakuwa na haki. Tuliamka na ukungu. Wakatangaza kwamba meli haitaweza kukaribia sana, lakini anayetaka ashuke kwenye boti ndogo mapema, inaenda karibu zaidi. Ramon akaja na makoti. Ukatazama nje, ule mtazamo wa mtu anayetazama boma lake, ukasema, "Huu tunaujua. Saa nne utakuwa umetoka." Na mimi, mtoto wa Kimulot, ninayeamka kila siku wingu la msitu wa Mau likiwa limelalia chai mpaka huoni mkono wako, na saa nne jua likalifukuza, mimi pia nikaitikia kwa kichwa. Tukamweleza Ramon tabia ya ukungu. Tukawaacha wenye haraka waende na boti yao. Tukaketi balkoni na mablanketi na chupa ya chai, wataalamu wawili.

Saa nne ikafika, ukungu ukaongezeka. Saa tano hatukuona hata mwisho wa balkoni yetu. Nilianza kukuibia jicho, nawe ukajifanya unakunywa chai kwenye kikombe ambacho kilishakwisha.

Ndipo ikalia. Kwanza mlio mkali kama mti mkubwa unaovunjika ndani ya msitu. Halafu ngurumo, lakini si ya juu. Ilitoka chini, ikapita kwenye viti, ikaingia kifuani. Halafu kimya, kimya ambacho sijawahi kusikia, meli nzima na watu wake wote hakuna aliyekohoa. Halafu meli ikainuka polepole na kushuka, na vikombe vyetu vikateleza mezani vyenyewe. Kulikuwa na kitu mbele yetu kikubwa kuliko chochote nilichowahi kuwa karibu nacho, kinafanya kazi yake, wala hakijui kama tupo. Ulinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua umebaki nayo. "Iko," ulisema. "Chela, iko."

Meli ikageuka. Wale wa boti wakarudi na pua nyekundu, wamefurahi, wakakuletea simu uone picha walizopiga. Ukageuza uso. "Sikutoka Kericho kuja kuona simu ya mtu."

Chakula cha mchana hukula. Baadaye ukaniambia nikusukume mpaka kwa yule mama anayeuza safari zijazo. Akatueleza kwamba siku safari hii inapoisha, meli hii hii inaondoka tena jioni, njia hii hii, na chumba chetu hakina mtu. Akakushauri kwa upole, kwa nini usichukue njia nyingine, yenye joto, uone mapya. Ukaniambia, "Mwambie hii sijamaliza." Mezani walishangaa, mtu arudi mahali alikotoka jana? Mimi wa chai sikushangaa. Mti ule ule unauchuma, unamaliza shamba, unaanza raundi upya pale pale, na hakuna siku umekuta majani uliyoyaacha. Nilishangaa tu kwamba mwenye duka la vyuma alilijua hilo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Asubuhi ile safari ya kwanza ilipoisha, miguu yako ilikuwa imevimba. Daktari wa meli alikuwa amekupima, akasema tuwe waangalifu, na mimi nilielewa uso wake kuliko maneno. Baba Shiku akapiga simu. Alikuwa amesikia kwamba tunataka kurudia safari. Alikuwa ameshatafuta ndege ya siku ile ile. Akaniambia, "Chelangat, mlete mama nyumbani leo." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza, ningejua la kufanya.

Ulikuwa kwenye kiti chako cha magurudumu, mkoba juu ya magoti, unanitazama. Hukuomba. Hujui kuomba, hukujifunza. Nikafikiria ukifia majini nitasimama wapi kule nyumbani, mimi mtoto wa watu, na nitasema nini. Nikafikiria pia ile "iko" yako. Nikamwambia, "Baba Shiku, mama amesema anabaki, nami nabaki naye." Akakata simu. Ukanishika mikono ukasema nikiangusha hiyo simu hutaninunulia nyingine.

Watu wote wakashuka. Tukabaki wachache sana, wakatupa kadi, wakatuhesabu, wakaturuhusu kurudi ndani. Umewahi kuona kitu kama kile? Meli nzima tupu. Korido ndefu kama barabara, milango yote wazi, mashuka yamerundikwa, sauti za mashine za kufagia mbali huko. Nilikusukuma katikati ya chumba cha kulia, meza zote hazina mtu, na tukanong'ona kama tuko kanisani. Tulipofika chumbani ukaniambia nishike kitambaa nipanguse meza. "Wageni wameenda," ulisema. "Sisi sasa ni wa nyumbani." Ramon akaingia akanikuta nakunja mablanketi, akanipokonya karibu alie. Halafu akatoka, akarudi na chai.

Safari ya pili ilikuwa yako kitandani zaidi. Siku moja kabla ya barafu hukuinuka kabisa, na mimi nilikaa karibu nikisikiliza pumzi yako, nikisali Kikipsigis na Kiswahili na kile kidogo cha Gikuyu ulichonifundisha, ili nisikose lugha inayosikika. Asubuhi nikafungua pazia. Ukungu. Nilisimama nimekupa mgongo ili usinione uso. Ukasema, "Nivalishe." Nikakuvalisha. Nikakufunika kila kitu tulichokuwa nacho, Ramon akaleta zaidi, tukatoka balkoni. Hakuna aliyesema neno kuhusu saa nne.

Haukuondoka kama wa kwetu, Shosho. Wa kwetu hupanda polepole ukashika miti. Huu ulipasuka. Mahali pamoja pakawa na buluu, nikadhani ni anga, nikatafuta mwisho wake juu nikaukosa, halafu pazia lote likafunguka pande mbili na ukuta ukasimama mbele yetu. Sina maneno. Nimejaribu kumweleza mama, nimesema ni kama vilima vyote vya kutoka Kericho mpaka Bomet vimewekwa kimoja juu ya kingine vikaganda, na najua nimedanganya, maana haifanani na kitu. Ilikuwa na buluu ambayo haiko kwenye nguo, haiko kwenye rangi zako za makopo, buluu inayotoka ndani kama kuna taa. Na baridi yake ilitujia usoni kama pumzi. Nilihisi niko mdogo, mdogo kabisa, na cha ajabu, sikuogopa. Nilitaka kupiga magoti na nilitaka kucheka.

Wewe ulinyamaza. Nilikutazama, kwa sababu miaka yote hiyo sikuwahi kukuona umenyamaza bila hasira. Machozi yalikuwa yanashuka na hukuyapangusa. Baadaye sana ukasema, "Kumbe hii yote ilikuwa hapa, na sisi tunapima misumari."

Halafu ukasema, "Mwite Kamau."

Nikadhani akili imepotea. Nikakujibu taratibu, "Baba Shiku yuko dukani, Shosho." Hukupotea. Uligeuka ukanitazama vizuri, macho safi kabisa, ukasema, "Mwambie afunge. Mwambie afunge duka aje aone." Ulisema kwa ile sauti ya mama anayemwita mtoto wake nje aje aangalie upinde wa mvua kabla haujaisha. Haikuwa na ugomvi wowote ndani yake.

Na hapo kipande cha ule ukuta, kikubwa kuliko kanisa, kikateleza. Kilianguka bila sauti. Maji yakapanda juu meupe, bado hakuna sauti, halafu ndipo ngurumo yetu ile ikatufikia, na safari hii tulikuwa tunaiona ilikotoka. Ukacheka, Shosho. Ulicheka kama msichana, mpaka nikalazimika kukushikilia.

Ulifia kitandani mwako Kericho, mvua ikipiga mabati uliyoyachagua mwenyewe. Nashukuru kwa hilo. Baba Shiku alikuwa amekushika mkono huu na mimi huu, lakini ulikuwa umeshaacha kuzungumza. Kwenye mazishi alisimama akasema mbele ya watu kwamba mama yake alizungushwa na wageni siku zake za mwisho. Watu wakanitazama. Haikuwa siku yangu ya kujibu. Baadaye nikaenda dukani kumpa ujumbe wako. Alikuwa akihudumia wateja, akasema nimwachie karani. Nikarudi tena, akasema nimwachie karani. Ujumbe ule haukuwa wa kuachiwa karani. Niliondoka na hasira, nakuambia ukweli, nikasema huyu mtu akae na saruji yake.

Jana mvua ilinyesha tangu asubuhi. Gari lake lilikwama kwenye matope karibu na kituo cha kuuzia chai, akatembea mpaka hapa na viatu vya mjini. Mama akampa kiti karibu na moto, akampa kikombe. Alikizungusha mikononi. Akasema Shiku alimwuliza mezani, shosho aliona nini kule, na yeye akakosa jibu mbele ya mtoto wake mwenyewe. Akasema hivyo akitazama matope ya viatu vyake.

Nikamwambia kulikuwa na ujumbe. Nikamwambia ulivyokuwa, neno kwa neno, hata sauti nilijaribu kuiweka ilivyokuwa. Mwite Kamau. Mwambie afunge duka aje aone.

"Alinitaja kwa jina?"

"Kwa jina."

Amezeeka mtoto wako, Shosho, ama sikuwa nimewahi kumtazama. Na simu yake ikalia, ilitoka dukani. Kuna mteja, kuna mabati ya kupakia, anatakiwa aseme bei. Nilisikia yote, simu yake ina sauti kubwa. Akangoja yule karani amalize. Akamwambia, "Funga." Karani akauliza nini. "Funga duka. Ndiyo, sasa. Waambie warudi kesho." Karani akauliza kwa hofu kama kuna jambo, kwa sababu lile duka halijawahi kufungwa mchana, unajua wewe. Baba Shiku akajibu, "Hapana, hakuna aliyekufa."

Akasikia alichosema. Simu ilibaki sikioni na karani bado anaita halo, halo, na mtoto wako akaanza kulia. Si kule kulia kwa mazishini, kwa kujikaza. Alilia na mdomo wazi. Mama yangu, ambaye hamfahamu, alisogeza kiti chake akakaa karibu naye bila kumgusa, na mimi nikachukua simu nikaizima. Mvua iliendelea, na chai yake ikapoa.

Alipomaliza alipangusa uso kwa kofia, akavuta kiti mbele. "Sasa anza mwanzo," aliniambia. "Hiyo meli ilikuwa kubwa kiasi gani?"

Nenda salama, Shosho wangu. Nakuahidi nitamwambia yote, sitamficha pale tulipokosea kuhusu ukungu, wala pale ulipomwita kichwa ngumu. Jumamosi anakuja tena, anamleta Shiku. Amesema atafunga.

Ni mimi,
Chelangat